Taa ya Dagaa na Fundi Aliyekataa Kuitwa Mbunifu

Fundi mmoja wa taa za kuvulia dagaa, mwalo wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, alinikatalia sifa. Ilikuwa jioni, wavuvi wanapakia nyavu, nami nimekaa juu ya kreti la soda namtazama akiziba mdomo wa kidumu kwa silikoni. Nikamwambia, "Mzee, wewe ni mbunifu kweli." Hakuinua hata uso. "Mbunifu ni huyo wa Japani aliyeitengeneza taa. Mimi nimeiga kwa jamaa mmoja wa Kayenze. Naye nadhani aliiga huko Ukerewe."

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko semina zote za ubunifu nilizowahi kuhudhuria, na nimehudhuria si haba: zile za ukumbi wenye kiyoyozi, kalamu ya bure na chupa ya maji, ambako mtoa mada huanza na picha ya balbu inayowaka juu ya kichwa cha mtu. Fundi wa Igombe ana balbu tele. Zote ziko kwenye ndoo, miguuni pake.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno. Kiswahili cha siku hizi kinaita ubunifu mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuwaza kitu ambacho hakijawazwa. Hilo laweza kumjia mtu kitandani saa nane ya usiku, peke yake, bila gharama. La pili ni kitu kipya kuingia katika maisha ya watu mpaka namna yao ya kufanya kazi ikabadilika. Hilo halitokei bila soko, bila spea, bila fundi wa kukarabati, na bila mtu wa kwanza kukubali kuchekwa na wenzake. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, mzaliwa wa himaya ya Austria, aliyatenganisha mambo haya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1911 alieleza kwamba uchumi unasogezwa na michanganyiko mipya ya vitu ambavyo tayari vipo, na kwamba anayevumbua si lazima awe ndiye anayekiingiza kilichovumbuliwa sokoni.

Kiswahili cha zamani, kwa maoni yangu, kilikuwa kimeshalijua hilo. Lichukue neno kuvumbua. Pacha wake ni kuvumbika: kufukia ndizi mbichi shimoni au kwenye majani zipate joto ziive. Kama ilivyo kufunika na kufunua, ndivyo ilivyo kuvumbika na kuvumbua. Mvumbuzi, kwa asili ya neno lenyewe, ni mtu anayefukua kitu kilichokuwa kinaivia mahali fulani, mara nyingi kwa joto la watu wengine. Sioni popote ndani ya neno hilo mtu anayeumba kitu kutoka hewani.

Kwa hiyo tuiangalie taa ya yule fundi, tuone nani alivumbika nini.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Taa huwekwa juu ya maji, wadudu na viumbe vidogo vinavyoelea hukusanyika kwenye mwanga, dagaa hufuata chakula chake, kisha wavu unapitishwa chini yake. Ndiyo maana kazi hii inakwenda na mwezi. Mbalamwezi ikishamiri, taa inamezwa na mwanga wa anga, dagaa hawakusanyiki, na mialo inalala. Ukifika Igombe siku za mwezi mpevu utakuta mitumbwi imepandishwa mchangani na vijana wanashona nyavu au wanacheza drafti. Giza likirudi, ziwa linageuka mji. Simama juu ya miamba ya Mwanza usiku huo utazame upande wa maji, utadhani kuna mtaa mwingine umejengwa huko.

Kwa miongo mingi mtaa huo ulikuwa wa karabai. Kila aliyekulia kando ya ziwa anaijua sauti yake, ule mvumo wa mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu na kuwaka kwenye utambi. Mwanga wake ni mkali, lakini ni taa ya madeni. Inakunywa lita moja ya mafuta au zaidi kwa usiku mmoja. Utambi wake ni majivu matupu yanayoshikana kwa heshima tu. Ukiitikisa taa, umekwisha. Kioo kikiwa cha moto na wimbi likakirukia, kinapasuka papo hapo. Na sehemu kubwa ya mafuta unayonunua inageuka joto, wakati dagaa hawaji kuota moto. Mtumbwi mmoja unakwenda na karabai kadhaa. Tajiri, maana ndivyo mwenye mtumbwi anavyoitwa huku hata akiwa na madeni hadi shingoni, alikata kwanza hela ya mafuta, kilichobaki ndicho kikagawanywa.

Wakati huohuo, mbali na hapa, kuna vitu vitatu vilikuwa vinaiva.

Cha kwanza ni taa ya LED. Nyekundu ilikuwepo tangu mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulikuwa umekwama kwa sababu ya rangi moja: bluu. Bila bluu hupati weupe. Wataalamu wengi walijaribu wakaacha. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo ya kemikali ya Nichia huko Japani, alionyesha LED ya bluu yenye mwanga mkali. Ukiipaka unga wa fosfori juu yake, sehemu ya bluu inageuka njano, macho yanaona nyeupe. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, waliokuwa wakiichimba njia hiyohiyo kwa miaka mingi, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nakamura ndiye "wa Japani" wa fundi wangu, ingawa yeye hamjui kwa jina.

Cha pili ni paneli ya sola, ambayo ilianza kama kipande cha silikoni katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954, ikatumika kwenye satelaiti, kisha bei yake ikaporomoka kwa takribani asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2020. Cha tatu hakina maabara wala tuzo: ni bodaboda. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipojaa Usukumani, kila duka la spea, hata la senta ya kijijini, likaanza kuuza betri ya volti 12.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotengenezwa kwa ajili ya dagaa. Vilikutana mwaloni kama abiria wanavyokutana Nyegezi stendi, kila mmoja na safari yake.

Halafu kikatokea kitu ambacho hakuna mtoa mada anayekitaja. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa. Lengo halikuwa wavuvi. Lengo lilikuwa uchakachuaji: watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli, halafu wanaiuza kwa bei ya dizeli. Bei zikasawazishwa ili mchezo huo usilipe. Lakini karabai haikujua habari za uchakachuaji; yenyewe iliendelea kunywa lita yake kila usiku. Sitaki kusema kodi ndiyo iliyoleta taa za LED ziwani. Nasema tajiri aliyekuwa ameshazoea maumivu ya jino alianza sasa kutafuta mtu wa kuling'oa.

Na taa za mwanzo zilikuwa mbovu. Hapa ndipo hadithi nyingi za teknolojia hukatwa, kana kwamba kifaa kilishuka, watu wakashangilia. Taa zilizotengenezwa kumulika sebule zililetwa kumulika ziwa. Maji yaliingia. Nyaya zilioza kwa kutu ya kijani. Taa ilikuwa haielei, au inaelea ikilala ubavu. Wavuvi walizijaribu usiku mmoja, wakarudi kwenye karabai, na mwenye macho ya haraka angesema "wavuvi hawapendi mabadiliko." Hapana. Walifanya jaribio, wakasoma majibu.

Fundi alinionyesha kilichomtesa yeye, nami nakieleza hapa polepole kwa sababu ndicho kiini cha makala hii.

Betri ya pikipiki ya volti 12 na saa-ampia 7 ina akiba ya watisaa 84 hivi (watisaa moja ni wati moja ikiwaka kwa saa moja). Ni kuzidisha tu 12 kwa 7. Balbu ya wati 7 ikiwaka kwa saa 11, jioni hadi alfajiri, inakula watisaa 77. Kwenye karatasi inatosha. Ziwani, betri zilikuwa zinakufa baada ya miezi michache, na kila mvuvi alimwona fundi kuwa tapeli. Sababu ni kwamba betri ya pikipiki imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiinyonya taratibu hadi tone la mwisho kila usiku, sahani zake za risasi zinachakaa upesi. Ni kama kumpa mkimbiaji wa mita 100 kazi ya kubeba magunia mpaka asubuhi.

Suluhisho la haraka lilikuwa kuweka betri mbili, na wapo waliofanya hivyo. Taa ikawa nzito na ghali. Fundi wangu alikaa na tatizo hilo msimu mzima. Kisha usiku mmoja, akiwa ndani ya mtumbwi kwa sababu ya ugomvi na mteja, aliona jambo ambalo wote walikuwa wanaliona kila siku: taa ilikuwa inamulika nyota. Balbu ilisimama wima juu ya boya, kama karabai ilivyosimama, ikitupa nusu ya mwanga wake angani. "Nikajiuliza, taa hii ni ya nani? Si ya dagaa? Sasa mbinguni inatafuta nini?"

Akaigeuza balbu itazame chini, akaweka nyuma yake kipande cha bati la kopo kilichong'arishwa, akashusha kutoka wati 7 hadi wati 4. Saa 11 kwa wati 4 ni watisaa 44, nusu ya betri tu. Chini ya boya akafunga kopo lenye zege ili taa isilale. Dagaa wakaja kama kawaida. Betri zikadumu.

Ukitaka kuona fikra bunifu ikiwa uchi, bila mapambo, ni ile: kuuliza taa ni ya nani. Karabai haikuwa na uchaguzi; moto unamulika pande zote. Wote walihamisha umbo la karabai kwenye kifaa kisichohitaji umbo hilo, kwa mazoea tu. Teknolojia ilikuwa imeshatoa ruhusa ya kugeuza mwanga, lakini ruhusa hiyo ilikuwa imekaa bila mtu wa kuichukua. Na aliyeichukua hakuwa na elimu kubwa kuliko wengine. Alikuwa na tatizo lililomgusa mfukoni, na alikuwa majini usiku ule. Mhandisi aliyekaa ofisini Dar es Salaam, hata awe na akili namna gani, angewezaje kuiona taa ikimulika nyota?

Bado lakini ubunifu huo haukutosha. Mafuta ya taa mvuvi ananunua kidogokidogo, kwa hela ya jana. Taa mpya, betri, paneli, vyote vinataka hela kwa mkupuo. Kilichovunja ukuta huo hakina waya hata mmoja: watu walianza kukodisha. Mtu ana kibanda ufukweni, anachaji betri mchana kwa sola au kwa umeme wa gridi, jioni anazitoa, asubuhi zinarudi, mvuvi analipa kwa usiku. Analipa kwa mtindo uleule aliozoea kulipia mafuta, ila kiasi ni pungufu. Kijana wa kibandani hajui chochote kuhusu fosfori. Anajua kwamba mvuvi hana hela Jumatatu na anayo Jumanne asubuhi. Mimi namhesabu kijana huyo katika safu moja na Nakamura, na asiyependa anivumilie.

Sasa narudi kwenye kauli ya "nimeiga". Tumefundishwa kuona aibu ya kuiga. Shuleni ni kosa, na kwenye mashindano ya ubunifu ni sababu ya kutolewa. Lakini kitu kinachobaki kwa mtu mmoja, hata kiwe kizuri vipi, hakijabadilisha chochote nje ya kibanda chake. Kipimo changu siku hizi ni hiki: je, jirani ameiga bila kuombwa? Akiiga, maana yake faida imeonekana kwa macho, vifaa vinapatikana dukani, na akili ya kukitengeneza inahamishika kutoka mkono hadi mkono. Na kila anayeiga anabadilisha kidogo, kwa sababu hana kopo lilelile, hana balbu ileile.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao si mtamu. Taa nafuu maana yake taa nyingi. Mtu aliyekuwa anamudu karabai tatu anakwenda na taa saba, na ziwa halijaongezeka ukubwa. Hilo ni la wavuvi wenyewe, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi na maofisa uvuvi kuketi na kulipima. Mimi naliacha hapa nikijua halijaisha.

Kile kipimo cha jirani kuiga nimekipata kwa kuungua. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katika kikundi kilichotengeneza programu ya simu ya bei za dagaa. Tulipata ufadhili kidogo, tukapata na cheti. Wazo lilikuwa safi: mama anayenunua dagaa mialoni ajue bei ya soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kabla hajapanda mtumbwi, asipunjwe. Tulikaa na kompyuta zetu wiki nyingi. Siku ya kuijaribisha pale sokoni, mama mmoja mwenye kanga ya kichwani aliishika simu, akaitazama bei, akauliza, "Mwanangu, hii ni bei ya nini?" Nikamwambia ni ya kilo. Akacheka hadi wenzake wakageuka. Dagaa pale wanapimwa kwa sado, kwa ndoo, kwa gunia. Kilo ni lugha ya mabucha.

Tukabadilisha kilo kuwa ndoo, tukarudi. Akasema, "Haya, ndoo ni hiyo bei. Ya taslimu au ya mali kauli?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumejenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Mzigo mkubwa anachukua kwa mali kauli: anabeba leo, anauza, analipa akirudi. Bei anayopewa inategemea anafahamiana na nani, alilipaje mara ya mwisho, na kama mvua imenyesha, maana dagaa waliolowa wakiwa juani si dagaa tena, ni chakula cha kuku. Yote hayo alikuwa ameshayapata kwa simu ya kitochi, kwa kumpigia shogaake aliyeko Ukerewe. Programu yetu ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Ilikufa bila msiba.

Tena hiyo sado yenyewe! Ni kopo la rangi ya Sadolin la lita 4. Rangi ilipakwa ukutani ikaisha, kopo likabaki, akina mama wakaligeuza kipimo cha biashara kinachotambulika masokoni nchi nzima. Hakuna aliyeandika pendekezo la mradi.

Pesa za simu zilizaliwa kwa namna inayofanana na hiyo. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo watu walikuwa wameshagundua ujanja wao: ananunua vocha, anaituma nyumbani, anayepokea anamuuzia mwenye duka, anapata hela mkononi. Na majaribio ya kwanza ya M-Pesa yalilenga kitu kingine, kulipia mikopo midogo. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ilikuwa na busara ya kuwatazama watumiaji na kufuata walikokuwa wanaelekea. Leo nikikumbuka yule mama wa kanga, naona kosa letu halikuwa kutengeneza programu mbaya. Tulikwenda Kirumba tukiwa tumemaliza kufikiri.

Je, teknolojia kubwa zinazotoka nje hazina nafasi? Zinayo, ila masharti yake ni mengine. Mwaka 2018 anga ya Mwanza ilikuwa na ndege isiyo na rubani iliyobeba dawa kwenda Ukerewe, mradi wa DHL, shirika la Ujerumani la GIZ na watengenezaji wa ndege hiyo, Wingcopter. Ilikata kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi, ikiwa na uwezo wa kubeba kilo 4, na ikirudi iliweza kuja na sampuli za maabara. Kwa barabara ya kuzunguka kupitia Bunda na kuvuka kwa kivuko, walihesabu kilomita 240 na saa 6. Majaribio yalidumu miezi 6. Oktoba mwaka huohuo Mwanza ikawa mwenyeji wa mkutano na mashindano ya ndege za aina hiyo, Lake Victoria Challenge.

Ilikuwa teknolojia ya kweli na ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Lakini iweke kwenye kipimo changu: jirani hawezi kuiga. Ndege inataka kibali cha mamlaka ya anga, waendeshaji waliofunzwa, spea za kuagiza ng'ambo, na zaidi ya yote inataka mtu wa kulipia kila safari, mwaka baada ya mwaka, mradi ukishafunga mahema. Rwanda ilianza na swali hilo la mwisho. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kusambaza damu kwa ndege kutoka Muhanga kwa sababu serikali ilikuwa imetia saini kuwa mnunuzi. Ndege zinaweza kufanana. Tofauti ni mkataba. Nani atalipa siku ya 200? Swali hilo halina mvuto kwenye mabango, lakini ndilo linaloamua kama kitu kitabaki kuwa onyesho au kitakuwa huduma.

Kuna mfano mmoja wa ziwani ninaoupenda kuliko yote, na hauna betri.

Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamefunika maghuba, mitumbwi haitoki, vivuko vinakwama, mitambo ya maji inaziba. Watu waliyang'oa kwa mikono, mashine zikaletwa za kuyakata. Kazi isiyoisha: katika hali nzuri magugu hayo yanaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo unayoyatoa Jumatatu yamesharudi.

Swali lilikuwa "tutayaondoaje?" Kilichobadilisha mambo ni kuligeuza: mbona huko yalikotoka, bonde la Amazon, hayasumbui hivi? Jibu ni kwamba kule yana walaji wake. Mmea ulisafiri, adui zake wakabaki. Basi wakaletwa fukusi wawili wa jenasi ya Neochetina, wadogo kuliko punje ya mahindi. Wakafugwa kwenye mabeseni na matanki kando ya ziwa, nchi zote tatu, na wavuvi wakahusishwa kuwafuga na kuwapeleka majini. Fukusi mkubwa anakwangua jani. Mtoto wake anatoboa shina kwa ndani, maji yanaingia, mmea unalegea na kuzama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magugu yalikuwa yamepungua mno. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani kilitokana na fukusi na kiasi gani kilitokana na dhoruba na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998, na ubishi huo una haki yake.

Angalia uzuri wa kifaa hicho. Kinajizalisha. Hakihitaji jirani akiige, kinajiiga chenyewe. Lakini pia angalia ukali wa masharti yake: fukusi hao wanakula gugu hilo, si jingine. Sasa ziwani kuna gugu lingine geni, la jamii ya Salvinia, lenye majani madogo yanayotandaza zulia zito, na mwanzoni mwa 2025 magugu yalivizonga vivuko vya Kigongo na Busisi. Fukusi wa Neochetina watapita juu ya Salvinia kama mgeni anayepita mbele ya mlango usio wake. Lina mdudu wake, wa jenasi nyingine, naye anataka utafiti, karantini na vibali vyake. Jibu la jana halihamishiki. Namna ya kuuliza ndiyo inayohamishika.

Hapa niseme neno kuhusu taasisi, maana ni rahisi kuzibeza. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, tangu 1986, na tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa yanayowapa nafasi hata mafundi wasio na vyeti. Ni hatua. Manung'uniko yangu ni madogo: kombe linakwenda kwa aliyeleta kitu kipya, na sijaona kombe la aliyeuza kitu cha zamani kwa watu 500, wala la fundi anayekikarabati kikiharibika. Vijana wanasoma alama hizo vizuri sana. Wanatengeneza vitu vya kushinda, vinapigwa picha na kiongozi, halafu vinawekwa stoo.

Nilirudi Igombe mwezi uliopita, siku za mbalamwezi, nikijua nitamkuta ana nafasi. Wavuvi wamelala, kibanda kiko wazi. Alikuwa ameshika taa isiyo yake. Kijana mmoja wa Kayenze ameanza kuzitengeneza kwa betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu, nyepesi, zinaingia kwenye chupa ya maji. Mvuvi mmoja aliileta ikarabatiwe swichi.

"Swichi imeshapona," aliniambia, macho yamo ndani ya chupa, bisibisi mkononi. "Nataka nione hapa kati amefanyaje."

Alikuwa ameshafungua skrubu tatu. Ya nne ilikuwa na kutu, akaniomba nimshikie tochi.